Sanduku la Bati na Utulivu wa Asubuhi

Watu wengi hudhani kwamba habari ya kupanga nguo ni habari ya matajiri, wenye makabati ya mbao yenye vioo na milango miwili. Mwenye suruali tatu na mashati manne, husema, hana haja ya mpango wo wote. Avue hii avae ile, basi. Lakini mtu akizunguka vijiji vilivyo chini ya mlima wa Kasigau, katika Taita Taveta, na kuingia nyumbani mwa watu alfajiri, wakati watoto wanapojitayarisha kwenda shule, ataona kwamba mambo si hivyo. Nyumba yenye nguo chache yaweza kuwa na fujo kubwa kuliko ile yenye nyingi, maana ikipotea sketi moja hapana ya pili ya kushika mahali pake.

Rukanga ni kimoja cha vijiji hivyo. (Asiyepajua asipachanganye na Rukinga, iliyo upande wa Maungu, ambayo ni hifadhi ya wanyama, majina yamekaribiana hata barua hupotea.) Mlima wenyewe umesimama peke yake katikati ya nyika, kilele chake kimepita meta 1,600, na misitu iliyo juu hunasa ukungu na mawingu wakati nyika yote ya chini imekauka. Maji ya vijiji hushuka kutoka huko kwa mabomba. Mvua za vuli zikikosekana, mabomba hutoa maji kidogo, na madumu hupangwa foleni tangu usiku. Tena udongo wa huko ni mwekundu, na vumbi lake huingia hata penye dirisha lililofungwa. Shati jeupe likilala juu ya kiti usiku mmoja, asubuhi limekwisha badilika rangi. Kwa hiyo mwanamke wa Rukanga anapoona nguo safi imeanguka uvunguni mwa kitanda, haoni uvivu wa watoto tu. Aona dumu zima la maji alilolibeba likipotea bure.

Katika kijiji hicho yuko mama mmoja mjane, msusi wa vikapu vya katani, mwenye watoto watatu. Binti mkubwa alikuwa amemaliza shule ya upili, kijana wa kiume alikuwa na miaka kumi na minne, na kitinda mimba, msichana, miaka tisa. Nyumba yao ni ya vyumba viwili na sebule ndogo, na mama mkwe wake hukaa nyumba ya pili katika ua ule ule. Marehemu mumewe alikuwa mtengenezaji wa mabomba yale ya maji yashukayo kutoka mlimani, mtu aliyejulikana na kila nyumba kwa sababu kila nyumba ilimhitaji siku moja au nyingine. Alifariki kwa ugonjwa, na yapata miaka miwili ilikuwa imepita wakati mambo haya yalipotokea.

Nguo za nyumba hiyo zilikaa hivi. Kamba moja ilifungwa chumbani toka ukuta hadi ukuta, na juu yake zilitundikwa sare za shule, kanga, taulo, sweta, na nguo za kazi, moja juu ya nyingine, hata kamba ikawa imepinda katikati kama tumbo la punda. Zilizokosa nafasi kwenye kamba zilitiwa katika magunia mawili ya sukari, zilizofuliwa pamoja na zisizofuliwa. Nyingine zilikaa juu ya viti, na mgeni akija zilinyakuliwa na kutupwa kitandani. Na pembeni mwa chumba, juu ya matofali manne kwa ajili ya kuepuka mchwa, lilikaa sanduku kubwa la bati, la rangi ya kijani, lenye kufuli. Hilo halikuguswa. Ufunguo wake ulifungwa katika ncha ya kanga ya mama.

Kila asubuhi palikuwa na ugomvi. Soksi moja ilionekana na ya pili haikuonekana. Kijana alivaa sweta la dada yake akafokewa, mdogo akalia kwa sababu sketi yake ilikuwa chini ya gunia imekunjamana, na mama, aliyeamka saa kumi usiku kwenda kutazama maji, akarudi kuyakuta hayo yote na kupandisha sauti. Baadaye, akisuka kikapu chake kivulini, alijuta maneno aliyoyasema. Kesho yake aliyasema tena. Si kwamba watoto walikuwa wabaya wala kwamba mama alikuwa mkali kwa tabia. Watu wanne walikuwa wakitafuta vitu vyao gizani mahali pamoja kwa nusu saa ile ile.

Hata ikafika siku ambayo binti mkubwa aliitwa Voi kwa mahojiano ya chuo. Barua ilisema afike saa tatu, naye aje na vyeti vyake vyenyewe, wala si nakala. Usiku ule shati lake lilipigwa pasi ya makaa, likatundikwa msumarini peke yake, na viatu vikapakwa rangi. Kila mtu alidhani kazi imekwisha. Gari la kwanza huondoka Rukanga kabla ya mapambazuko, na binti alikwisha kuvaa na kusimama mlangoni alipouliza, "Mama, cheti changu cha kuzaliwa kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini kabisa, katika bahasha ya kaki, pamoja na karatasi za shamba na kadi za kliniki za watoto wote. Marehemu ndiye aliyekiweka hapo. Na juu yake, kutoka chini mpaka kwenye kifuniko, zilikuwa nguo za marehemu, ambazo ndugu zake walizikunja siku ya tatu baada ya mazishi, na ambazo tangu siku ile hapana mtu aliyezigusa.

Mama alifungua ncha ya kanga, akafungua kufuli. Mtu mwingine angaliweza kusema kwamba ilimpasa kuzitupa zile nguo sakafuni na kuitoa bahasha kwa dakika moja. Hakuweza. Alitoa koti, akaliweka kitandani kwa taratibu. Akatoa shati, akalikunja upya. Ovaroli ya kazi ilipotoka, na harufu ya sabuni ya kufulia na grisi ikiwa bado imo, aliketi. Binti alisimama akimtazama na hakuthubutu kumharakisha. Honi ya gari ilisikika barabarani mara mbili, kisha sauti ya injini ikaondoka kuelekea Maungu.

Pikipiki ilipatikana baada ya saa nzima, kwa nauli ambayo ilikuwa bei ya vikapu viwili. Binti alifika Voi karibu na saa tano, amejaa vumbi jekundu kichwani hata miguuni. Aliambiwa kwamba majina yalikwisha kusomwa, na kwamba ajaribu mwaka ujao. Alirudi jioni. Hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja, na jambo hilo lilimwumiza mama kuliko lawama.

Mama mkwe ndiye aliyelianza shauri. Bibi huyo amepita miaka sabini, na amelelewa na watu waliokuwa na sababu ya kufikiri habari za vitu vya nyumbani kwa namna yao. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka wakaishika Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba wamewasaidia adui. Watu wa Kasigau wakahamishwa kwa nguvu, wakapelekwa mbali mpaka Malindi, na wengi wakafa huko kwa maradhi ya nchi wasiyoizoea. Waliobaki walirudi kwao katika miaka ya 1930. Mtoto aliyekuzwa na waliorudi namna hiyo husikia mara nyingi habari ya mtu kuamshwa na kuambiwa aondoke na alicho nacho mkononi. Si ajabu basi kwamba bibi huyo, nyumbani mwake, anajua gizani mahali pa kila kitu: panga liko wapi, kiberiti kiko wapi, kitambulisho kiko wapi.

Siku ya Jumamosi alikuja na mkeka wake, akautandika uani, akasema, "Mwanangu, leo tutoe vyote."

"Hata vya humo, Mama?"

"Hata vya humo. Mwenyewe angalikuwapo, angalikwisha kuviondoa. Hakupenda kuona kitu kimelazwa bure."

Nguo zote za nyumba zikatolewa nje, za kamba, za magunia, za viti, za uvunguni na za sanduku, zikamwagwa juu ya mikeka mitatu. Watoto walicheka walipoona wingi wake. Mama hakucheka. Alikuwa amesema siku zote kwamba nyumba yake haina nguo, na sasa aliona mashati ya watoto yaliyokuwa madogo tangu miaka mitano iliyopita, blauzi ambazo hakumbuki alizinunua lini, na suruali tatu zisizo na zipu zikingoja fundi cherehani ambaye hapana aliyempelekea.

Hapa yafaa kusema neno juu ya wingi huo. Wazee wa Taita hukumbuka wakati mtu alipokuwa na nguo ya kazi na nguo ya Jumapili, na zote mbili zikakaa katika kisanduku kimoja bila shida. Baada ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1990, marobota ya mitumba kutoka Ulaya na Marekani yaliingia Kenya kwa wingi, na viwanda vingi vya nguo vya nchi vikadhoofika au kufungwa. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ilikataza kuingiza mitumba kwa miezi michache, kisha mwezi wa Agosti ikaruhusu tena. Kwa mwenye mfuko mdogo mitumba ni msaada mkubwa, hapana awezaye kukana. Walakini bei yake ndogo humfanya mtu anunue sokoni Voi blauzi asiyoihitaji kwa sababu tu ni rahisi, na kila blauzi ya namna hiyo hutaka mahali pa kulala na maji ya kufuliwa. Umaskini wa siku hizi mara nyingi hauna sura ya sanduku tupu. Una sura ya gunia lililojaa nguo zisizovaliwa.

Huko Japani yuko mwanamke aitwaye Marie Kondo aliyepata jina kubwa kwa kuwafundisha watu jambo hili hili. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014 na kikasomwa dunia nzima. Yeye huagiza mtu akusanye nguo zake zote mahali pamoja, ashike moja moja mkononi, na kujiuliza kama nguo hiyo yampa furaha. Isiyompa aishukuru na kuiacha iende. Wengine wamemcheka, hasa kwa neno la kushukuru nguo. Lakini kukusanya vyote mahali pamoja ni shauri la akili sana, na bibi wa Rukanga, ambaye hajapata kusikia jina la Mjapani huyo, alilifanya kwa mikeka mitatu. Swali la furaha tu ndilo halikufaa pale uani. Hapana mtu apewaye furaha na buti za mpira au sketi ya kulimia, nazo ndizo zinazoleta chakula. Swali aliloliuliza bibi kwa kila nguo iliyoinuliwa lilikuwa, "Nani ataivaa, na siku gani?" Isiyopata jina la mtu na jina la siku ilitiwa upande wa kushoto.

Iko sehemu nyingine ya mafundisho ya Kondo iliyo na maana zaidi kwa nyumba kama hii. Yeye hutaka nguo zipangwe kwanza, halafu vitabu, halafu karatasi, halafu vitu vingine vidogo, na vitu vya ukumbusho viachwe mpaka mwisho kabisa, kwa kuwa moyo hauwezi kukata shauri juu ya hivyo kabla haujazoea. Katika sanduku moja la bati la Rukanga mlikuwamo nguo, karatasi na ukumbusho, vyote vitatu vimelaliana. Hapo ndipo palipokuwa na kosa, wala si katika soksi za watoto. Mahali pazuri kuliko pote nyumbani, pasipoingia vumbi wala panya, penye kufuli, palikuwa pa mtu ambaye hatavaa tena. Na walio hai, pamoja na vyeti vyao, walipewa kamba, magunia na sehemu ya chini isiyofikika. Hapana aliyekusudia iwe hivyo. Nguo zilikunjwa siku ya msiba na watu waliotaka kuondoa kitu machoni, zikawekwa penye nafasi, basi zikabaki.

Kazi ilichukua kutwa nzima. Nguo za watoto zilizowapungukia zilifungwa kwa ajili ya jamaa wenye watoto wadogo, na zilizoraruka zikakatwa matambara ya kupangusia na ya kushikia sufuria. Sweta zilianikwa juani, zikageuzwa ndani nje, kwa sababu mayai ya nondo hukaa kwenye mishono na jua kali huyaharibu. Kijana alipangusa sanduku kwa kitambaa kibichi, akaliacha wazi likauke vizuri, akalitandika magazeti. Binti akatia majani makavu ya mwarobaini kwenye pembe. Wako wapendao dawa nyeupe ya vidonge ya dukani, lakini harufu yake hukaa katika nguo ya mtoto hata darasani.

Nguo za marehemu ziliachwa mpaka alasiri. Ovaroli na buti vilipewa kijana aliyeshika kazi ya mabomba baada yake, maana alikuwa akipanda mlimani na suruali iliyopasuka magotini, na marehemu ndiye aliyemfundisha kazi. Mashati mawili yalipelekwa kwa fundi cherehani yakapunguzwe kwa ajili ya kijana wa nyumbani. Koti la Jumapili, bibi alilitazama kwa muda, akasema kwamba hilo likae, siku moja kijana atalifikia mabegani. Ikabaki fulana moja ya zamani, imefifia, isiyomfaa mtu ye yote. Bibi aliiinua, akauliza swali lake, "Nani ataivaa, na siku gani?"

Mama hakujibu. Bibi akaiweka magotini pake, wala hakuitia kushoto wala kulia. Mpaka leo iko chini ya mto wa mama, na hapana mpango wa nguo duniani wenye haki ya kuiondoa pale.

Jumapili jioni sanduku lilijazwa upya. Upande wa kushoto zilisimamishwa bahasha tatu za vyeti, kila mtoto na yake, na ya nne ya karatasi za shamba, zote zikitazama juu ili mtu asome jina bila kuinua kitu. Kando yake zilikaa nguo za kanisani na za safari, zimekunjwa nyembamba na kupangwa kwa ubavu kama vitabu, hata mtu akitoa moja nyingine zisivurugike. Koti likalazwa upande wa kulia. Ufunguo ulitoka katika ncha ya kanga, ukatundikwa msumarini juu ya mlango, mahali ambapo watoto wakubwa wawili waweza kuufikia. Ile kamba ndefu ikakatwa vipande vitatu, kila mtoto akapewa chake, na chini ya kila kamba kikawekwa kikapu cha katani cha nguo chafu, vile vikapu vyenye kasoro ambavyo mnunuzi huvikataa. Mama aliona haya kwamba alikuwa amesuka vikapu kwa miaka mingi kwa ajili ya nyumba za watu wengine na hakuwa na kimoja nyumbani mwake.

Mtu asidhani kwamba tangu siku ile nyumba imekuwa paradiso. Kijana bado husahau soksi uani, na mwezi wa Septemba, maji yalipopungua, vikapu vya nguo chafu vilifurika kama magunia ya zamani. Mdogo alikataa kwa juma zima kukunja sketi yake, akisema kamba yake ni fupi kuliko ya wengine, na ilipopimwa ikaonekana kwamba asema kweli. Lakini zile sauti za alfajiri zimepungua. Mama sasa hutandika sare za kesho jioni, kabla ya chakula, wakati bado pana mwanga. Na asubuhi, badala ya kutafuta, hupata dakika kumi za kuketi na watoto wakinywa chai, jambo ambalo hakulipata tangu alipofiwa. Katika dakika hizo ndipo alipojua kwamba kijana wake amekuwa akipata shida ya hesabu kwa muhula mzima.

Mwaka uliofuata binti aliitwa tena Voi. Safari hii hakumwamsha mtu. Alishusha ufunguo msumarini, akafungua sanduku bila taa, akapapasa upande wa kushoto, akatoa bahasha ya kwanza. Mama alikuwa macho kitandani, akisikiliza bawaba zikilia, kisha kifuniko kikirudishwa taratibu. Honi iliposikika barabarani, binti alikuwa amekwisha kunywa chai yake na kukiosha kikombe.